Gari Nililomuuzia Mkunga

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na ule mguu umepungua uvimbe. Mimi mwili haujambo. Nakula, naenda kazini, na juzi nimenunua viatu vipya kwa sababu vya zamani vilishaanza kucheka. Dada anakusalimu sana. Anasema mtoto hataki kulalia mto mwingine ila ule uliomshonea wewe.

Najua umeshangaa kuona barua badala ya simu. Kwenye simu ningekuchekesha, nawe ungecheka, na maneno yangeishia hapo. Hamkuniita Kasuku bure.

Umeniuliza mara mbili kama nimekwenda kumwona mkunga tangu gari lake ligonge nguzo. Nilikwenda Jumapili. Nilimkuta sebuleni, mkono wa kushoto umening'inizwa kwa kitambaa, nami nilikuwa nimejiandaa kufokewa. Badala yake aliniomba radhi. Alisema nilimtafutia gari zuri, naye akaliharibu. Alipokanyaga breki ghafla lilimvuta kushoto, hakuwahi kulirudisha, na hapo ndipo alipojua kwamba mikono yake imekwisha. Mwanawe mkubwa amechukua funguo. Amewaambia watu wa zahanati wasimwite tena, maana mikono iliyoshindwa na usukani haifai kumpokea mtoto wa mtu. Mfuko wake wa kazi ameupandisha juu ya kabati. Nilikunywa chai yake vikombe viwili, nikasema pole, nikaaga.

Sasa nikueleze kazi yangu inavyokwenda, kwa kuwa wewe huwaambia watu kwamba mwanao yuko kwenye yadi ya magari iliyosajiliwa, yenye cheti ukutani. Cheti kipo kweli, kwenye fremu, nyuma ya kiti cha tajiri. Kinasema muuzaji aliyesajiliwa atamweleza mnunuzi kila kasoro anayoijua, hata asipoulizwa. Mimi ndiye ninayefuta vumbi kwenye kioo chake. Lakini gari likiingia, fundi wetu hulikagua na kuandika karatasi mbili. Yenye mambo yote hukaa kwenye droo ya tajiri. Nyingine, yenye habari za taa, matairi na rangi, huwekwa ndani ya gari ili mteja aisome na kuridhika. Nilipokuwa mgeni niliuliza kwa nini. Tajiri alicheka, akasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na mimi nimeajiriwa kukitembeza. Nikacheka naye, na sikuuliza tena.

Mkunga alikuja kwetu kwa sababu yako. Alinieleza kwamba ulimwambia aende kwa Kasuku, anaongea sana lakini hatamdanganya. Alikuwa amelipenda lile jeupe. Fundi alinivuta pembeni, akanikumbusha kwamba gari lile liliwahi kupondeka mbele, chesisi yake, uti wa mgongo wa gari, ikanyooshwa kwa nyundo, na ukilikanyagia breki kwa nguvu linakwenda linakotaka lenyewe. Akanisihi nimwonyeshe mama wa watu lile dogo la bluu. Nilimwambia ashike spana zake, aniachie wateja wangu. Jeupe lilikuwa limekaa pale miezi saba, na tajiri alikuwa ameahidi kwamba atakayeliondoa ndiye atakayekuwa mkuu wa mauzo. Ndiyo cheo nilichokupigia simu kukutangazia, Mama, ukaniombea dua.

Hayo yote ningeweza kumsingizia tajiri. Linalofuata siwezi.

Tulilitoa gari barabarani kulijaribu, yeye kwenye usukani, mimi kando yake. Kwenye njia panda alikanyaga breki, likamvuta. Alisimamisha pembeni, akanigeukia, akaniuliza waziwazi kama gari lina kasoro. Mtu aliyenipokea duniani kwa mikono yake aliniuliza, nami nilikuwa najua. Nikamjibu kwamba gari halina neno, pengine ni mikono yake tu, umri nao una mambo yake. Aliitazama mikono ile juu ya usukani, akacheka kwa aibu, akasema huenda ni kweli, uzee haubishi hodi. Akasaini siku hiyohiyo.

Kwa hiyo hakujitilia shaka mwenyewe, Mama. Mimi ndiye niliyemtia shaka hiyo, na Jumapili nilimsikiliza akiirudia kama ni yake, nikanyamaza. Naona haya hata kujitazama kwenye kioo ninapopiga mswaki.

Jana nilitoa nakala mbili za karatasi ya droo. Moja nimeipeleka kwenye chama cha wauza magari kilichotupatia kile cheti, pamoja na jina langu. Nyingine imo ndani ya bahasha hii, na saini ya fundi iko chini yake. Tajiri bado hajajua, ila atajua kabla hujamaliza kunikasirikia. Jumamosi nitakuja niyaseme haya mbele ya mkunga na wanawe, wakinitimua nitakuwa nimestahili. Nakuomba usinitetee.

Ila Jumamosi ni mbali. Mke wa fundi cherehani, jirani yako, ulisema yuko katika mwezi wake wa kujifungua, na zahanati imebaki na yule binti mwanafunzi wa ukunga peke yake. Nenda leo, hata kama mguu unauma. Mwambie mkunga ashushe mfuko wake. Mwambie mikono yake ni mizima, na aliyemwambia vingine alikuwa anauza gari.

Nisalimie nyumba nzima, wakubwa kwa wadogo.

Ni mimi mwanao, ninayeona haya kukuita Mama,

Kasuku