Mikono Yako, Shangazi, na Unga Mweupe

Bweni la Wanafunzi,
Chumba cha 14.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Hujambo lakini? Goti limeacha ukaidi wake, au bado linakuamsha alfajiri? Na zile dawa unakunywa, au umezipanga tu dirishani zipendeze? Nakujua wewe! Mimi ni mzima wa afya, nimenenepa kidogo, na leo nina furaha kiasi kwamba mwandiko wenyewe unacheza.

Nisamehe kwa kuchelewa kujibu, kazi ilinikaba koo. Uliuliza huwa napika nini humo maabarani. Ni kitu ambacho huenda siku moja kikawa dawa ya kifua. Nimekihangaikia mwaka mzima, ikabaki hatua moja: kukinyang'anya haidrojeni kidogo bila kukiharibu. Hapa kwetu kazi hiyo hufanywa kwa kromiamu, ile ya rangi ya chungwa. Ndiyo, Shangazi, ndugu wa ile iliyokuwa kwenye mapipa ya kiwanda chenu cha ngozi.

Mwezi uliopita dada anayetuoshea vyombo alivua glavu mbele yangu. Kwenye vifundo vya vidole alikuwa na vidonda viwili, vidogo, vya duara, vyenye kingo ngumu. Vidonda hivyo navijua tangu utotoni, nilipokuwa nakupaka mafuta mikononi jioni ukitoka kiwandani nawe unalalamika, "Taratibu, Mama Chupa, huo si ukuta!"

Nilimpeleka zahanati. Kisha nikaenda kwa profesa wangu nikamwambia mimi kromiamu basi, nataka kujaribu kitu kingine. Akanitazama juu ya miwani.

"Hicho ulichonacho ndicho cha mwisho," akasema. "Ukikiharibu, unaanza upya."

Nikasema sawa.

Kuna unga mweupe unaotengenezwa kwa iodini, ile ile uliyokuwa ukinipaka nikichubuka nami napiga yowe mtaa mzima unasikia. Ila humo iodini imebebeshwa oksijeni nyingi kuliko kawaida yake, kama mtu aliyejaza mizigo mikononi hadi kwapani: anatafuta tu pa kutua. Inapoutua mzigo, inachukua haidrojeni inayotakiwa na kuacha mengine salama.

Kwa woga wa unyevu nikakausha kila kitu kama kichaa, nikachanganya, nikangoja. Hola! Asubuhi ikapita, mchana ukaingia, hakuna kilichobadilika. Profesa akapita, akachungulia, akaondoka. Heri angenigombeza. Nilijifungia chooni nikalia, Shangazi, sikufichi.

Aliyeniokoa ni mwenzangu wa meza ya jirani, tunayemwita Redio kwa sababu hanyamazi. Alisema nimekausha kupita kiasi, unga ule ukikosa unyevu kabisa huwa mvivu. Nikatia tone moja la maji. Mara chupa ikaanza kuwa na ukungu. Nilipopima, kitu changu kilikuwa kimegeuka chote, safi, hakuna kilichoharibika! Nilipiga vigelegele humo humo ndani. Profesa akaja mbio akidhani kumeungua.

Ijumaa profesa mwenyewe alilitoa lile kopo la kromiamu kwenye kabati letu, akalikabidhi kwa watu wa taka za sumu. Dada wa vyombo anaendelea vizuri, vidonda vimeanza kufunga. Hajui habari zako, ila nitamsimulia.

Ahsante, Shangazi. Ahsante sana. Watu hapa wananisifia akili. Hawajui kwamba mikono yako ndiyo iliyonisomesha, na ndiyo niliyoiona siku ile dada alipovua glavu.

Nisalimie Baba, mwambie apunguze ubishi. Nisalimie Bibi, na yule binamu yangu Domo Kaya, sijui amepata kazi au bado anaitafuta kitandani. Mungu akupe usingizi mtamu na goti jepesi.

Mahafali ni Julai na utakuja, sitaki visingizio. Picha zetu zote nimezibandika hapa ukutani, na katika kila moja umeficha mikono: nyuma ya mgongo, chini ya mkoba, mara moja hata nyuma ya kichwa changu. Safari hii utanishika mabegani, vidole vyote kumi mbele, na mpiga picha nitamwambia asogee karibu.

Wako nikupendaye bila kipimo,
Mama Chupa