Kaka, Redio Iliamka Nikiwa Juu

Kaka Wanjala uliyetangulia,

Nakuandikia wewe kwa sababu nikimwambia mke wangu atataka nirudi nyumbani leo leo, na wewe ndiye uliyejua kazi hii ya kupanda busta, hii minara ya simu.

Unakumbuka siku yangu ya kwanza, juu ya ghorofa karibu na Adams Arcade? Nilikumbatia ukuta hadi ukacheka. "Dogo, shika hicho chuma kama unamshika ng'ombe anayetaka kuingia shamba la jirani!" Kisha ukang'oa fyuzi ya redio, ule mtambo unaorusha mawimbi ya simu, ukaitia mfukoni, ukapanda nayo. Hivyo ndivyo mlivyofanya: anayepanda ndiye anayebeba fyuzi, ili mtu asiwashe redio ikuchome ukiwa mbele yake.

Siku hizi hakuna fyuzi ya kubeba, na umeme haukatwi kwa sababu mitambo mingine inatumia waya huo huo. Redio inazimwa kwa amri ambayo injinia anaituma kwa kompyuta, ikipita hewani. Ikizimwa, taima, saa ya kupima muda, inaanza kuhesabu ndani yake. Muda ukiisha, inajiwasha yenyewe.

Jana tulikuwa juu ya fleti moja Parklands. Nati zilishika kutu, kazi ikachelewa. Achieng, injinia wetu, akatuma amri nyingine ya kuzima ili nipate muda zaidi. "Endelea tu, mzee, nimekuongezea!" Nikaendelea. Ghafla taa ya redio ikageuka kijani, mbele ya kifua changu. Kaka, sikushuka, niliporomoka kwenye ngazi hadi chini. Sikuungua. Leo asubuhi nimemwaga chai mezani kama mtoto.

Pale chini Achieng na msimamizi wetu wakabishana. Mwongozo wa redio unasema amri ya kuzima inaanzisha taima. Hausemi amri ikikuta taima tayari inahesabu itakuwaje. Msimamizi anasema inaanza upya, ila amri yetu ilipotea hewani. Achieng anadhani taima haijali amri ya pili, inamalizia tu ule muda wa kwanza. Amewaandikia walioandika mwongozo waseme wazi. Hawajajibu.

"Kesho ni Dagoretti Corner," msimamizi akasema leo mchana. "Tutatuma amri mara mbili, moja ikipotea nyingine ifike, maneno kwisha. Ama unaogopa, babu?"

"Naogopa."

Vijana tunaofanya nao kazi wakacheka. "Babu amezeeka, apewe kiti!"

"Kuna watu wengi wanaitaka hii kazi," msimamizi akaniambia, na yeye hakuwa anacheka.

Ungekuwepo ungewajibu vizuri. Mimi shule niliiacha mapema, na mbele ya watu wa kompyuta ulimi wangu unakuwa mzito. Nikifumba macho naiona ile taa. Naogopa kupanda, na naogopa pia kufukuzwa, nirudi kwa watoto mikono mitupu. Tangu tukuzike sijaogopa hivi.

Kesho nitafika Dagoretti Corner mapema. Nitavaa hanesi yangu, ile mikanda ya kupandia, nikae kando ya ngazi. Achieng akipata jibu, wakasema kwa maandishi taima inafanya nini, nitapanda. Lisipokuja, wampandishe huyo mwingine anayeitaka kazi, na yeye nitamwambia nilichokiona kabla hajashika chuma.

Pumzika, kaka. Hofu haijaniacha, ila kesho nitaogopa nikiwa chini.

Mdogo wako