Difu ya Polepole

Chelangat mjukuu wangu,

Chamgei, salamu kutoka Kimulot. Mvua imekuja, na yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Umeniuliza kwa nini pikap yako huko Lodwar imekosa nguvu tangu uiwekee tairi kubwa, na sasa uchague difu gani, zile gia zinazozungusha magurudumu.

Kosa hilo nililifanya miaka ya tisini. Niliweka tairi kubwa kwa sababu ya matope. Siku ya kwanza kubeba majani ya chai, gari lilizima katikati ya mlima, na lori la kiwanda likaondoka bila majani yetu. Nyanya yako aliingiza mkono kwenye gunia, akasikia yameanza kupata moto na kuharibika.

Fundi alizungusha kwa mkono shafti inayoingia kwenye difu, akihesabu. Ilizunguka mara nne ndipo gurudumu likazunguka mara moja. "Mzee, tairi hizi zinataka karibu tano," akasema. "Utapanda vizuri, lakini kwa barabara utaenda pole."

Nikabadilisha difu, basi tukaenda pole. Injini ililia mpaka Kericho, nyanya yako akinipa habari za kila boma tulilopita, na mimi nikinung'unika kwamba tumechelewa.

Chukua ile ya polepole, Chelangat. Kama magurudumu yote manne yanavuta, badilisha difu ya mbele na ya nyuma, zilingane.

Siku hizi ni lami. Jumapili nilipewa lifti na jirani, tukafika Kericho haraka sana, na hakuna aliyenipa habari za boma lolote njiani.

Babu yako