Nilivyomjibia Raya kwenye simu

Jumatano. Wete imeamkia mvua ya rasharasha, nguo kambani hazikauki wala hazilowi.

Katika wanaume wote wa mtaa huu, bahati kanichagua miye. Wenzangu mtoto akiondoka nyumbani huzunguka mji kama waliopotelewa na ng'ombe. Miye nilizaliwa na moyo mkavu. Raya, binti yangu wa pekee, kesho anapanda meli kwenda Unguja kuanza kazi ya mapokezi hotelini, nami mchana nimekula wali, nikaongeza na sahani ya pili.

Kazi yenyewe kaipata kwa Kiingereza changu. Shule niliachia njiani, lakini nimetembeza Wazungu pwani ya Nungwi mpaka nikawa naota kwa lugha yao.

Wiki nzima nilimfundisha maneno ya kuombea kazi. "I am ready to start." "I am fit for this job." "I am the right person for you." Nikamwambia, mwanangu, Mzungu hataki mtu wa kujikunyata. Sema uko tayari, sema unafaa, tena kwa sauti.

Raya akaona haya. "Baba, nijisifu mwenyewe? Si ataniona sina adabu?"

Mamake akadakia kutoka jikoni. "Hata posa ikija, mwari hunyamaza, wakubwa ndio husema anafaa. Weye wataka mwanangu ajinadi kama samaki mnadani?"

Nikawacheka. Nikawaambia nyinyi ni watu wa shamba.

Juzi meneja akapiga, mama wa Kizungu mwenye sauti laini. Tukaiweka simu spika, sote watatu mkekani. Akamuuliza Raya kama yuko tayari kuanza wiki hii.

"Inshallah," akajibu Raya.

Akauliza tena.

"Inshallah, Madam."

Kwetu hilo ni jibu zima. Kusema nitafanya bila kumtaja Mungu ni kiburi. Lakini simu ikanyamaza, na miye kimya cha Mzungu nakijua: kadhani mtoto anasitasita. Nikaiona kazi inapeperuka.

Basi nikajitosa. Nikaivuta simu, nikanguruma kama walii anayemwozesha binti siku ya ndoa: "She is ready, Madam! She is fit for the job! I am her father!"

Mamake akajifunika uso kwa kanga.

Meneja akacheka, akasema kafurahi kunifahamu, ila angependa kumsikia mwenyewe.

Raya akanitoa simu mkononi, taratibu, kama unavyomtoa mtoto kisu. Akakaa sawa. "I am ready, inshallah. And I am right for this job."

Sauti ile sikuifundisha miye.

Akapewa kazi palepale.

Jioni hii kamaliza kufunga begi, mamake kamtilia achari ya embe na mikate ya kumimina. Kisha kaja kukaa ubavuni kwangu barazani, akanitania: "Na weye baba, are you ready?"

"Ready kabisa!" nikajibu kwa mbwembwe. Akacheka, akaenda kupiga pasi baibui lake.

Toka hapo najaribu kulisema tena lile neno, peke yangu, polepole. Halitoki.

Moyo mkavu sina. Nimesema uongo. Na ule wali wa mchana sikuugusa hata tonge.