Cheti cha Ng'ombe Kumi na Wawili

Didia, 9 Machi 1955

Kaka Ignas,

Shikamoo. Mvua imenyesha, pamba imeota vizuri, na mama anakusalimu.

Barua yako imefika. Eti yule mwenye shule ya umakanika huko Mwanza anataka ulipie mwaka wa pili, nawe unauliza kama naona shule ile ina faida, na kama baba atauza ng'ombe waliobaki. Wamebaki wapi? Ng'ombe wote kumi na wawili wa mahari yangu waliliwa na ada ya mwaka wa kwanza. Ukarudi na cheti, ukaenda mgodini Geita, wakakupa pampu uitengeneze, nawe ukaomba chaki uwachoree! Mwaka mzima hamkushika hata spana? Marselino, jirani yetu, alianza kwa kufagia karakana ya mgodi huo huo, na leo ndiye fundi.

Juzi mume wangu alinivunja mkono. Nikakimbilia nyumbani. Baba akainama, akasema, "Mwanangu, nikikupokea, ng'ombe wake nitamrudishia nini?" Nikarudi kwa mume.

Halafu unaniuliza kama shule ile ina faida! Mwandiko ukikushinda kusoma, nivumilie. Nimeandika kwa mkono wa kushoto.

Mdogo wako,
Nyamizi