Matundu ya Kitalu cha Tatu

Jumatatu, 17 Machi

Kupima tena. Kitalu kimoja asubuhi, kimoja baada ya mvua. Ndoano ya mizani imeshika kutu, lazima niigonge kwa kidole kabla ya kusoma. Mama Ngoie na wanawake wake watatu wanavunja mahindi, wanayamenya, wanayarusha kwenye rundo. Mimi naandika. Mgongo unauma. Vimebaki vitalu tisa, kisha ripoti, kisha treni.

Misimu miwili Kamina. Kituo cha utafiti kiliahidi: jaribio la mbegu mpya likiisha na ripoti ikikubaliwa, narudi chuoni Lubumbashi kwa masomo ya juu. Nafasi yangu inanisubiri hadi Oktoba. Nahesabu miezi kama mfungwa. Neno baya. Ndilo la kweli.

Jumanne, 18 Machi

Kitalu cha tatu. Mbegu mpya ni nyeupe. Leo kwenye rundo nimekuta mahindi ya njano. Si punje mojamoja. Hizo ningezielewa, upepo huleta chavua ya mashamba ya jirani. Ni mahindi mazima ya njano, mafupi, ya mistari minane, kama yale wanayochoma kando ya reli. Kumi na moja. Mengine bado mabichi, kana kwamba yalipandwa baadaye.

Nimeyatia kwenye ndoo, nikaifunika kwa gunia. Sijui kwa nini nimeifunika.

Jumatano, 19 Machi

Kitalu cha nne pia. Cha tano, zaidi. Sikula mchana.

Alhamisi, 20 Machi

Nimeuliza nani alipanda ya njano. Mama Ngoie ameongoza vibarua wa kituo tangu kabla sijazaliwa. Alikuwa amekaa juu ya gunia, anamenya. Hakuinua macho.

“Minyi njo nilijazaka. Ulikuwa ku hopitali. Mbegu yako haikuota yote, mwana wami. Matundu, matundu, sawa kinywa ya muzee. Bantu banapita mu njia, banacheka: njo shamba ya mamzeli ya masomo? Nikaleta mbegu ya kwetu mu kikapo.”

Mamzeli, yaani binti, ni mimi. Nikamuuliza alijaza matundu mangapi.

“Matundu haihesabiwake. Inajazwaka.”

Mmoja wa wanawake akadakia: “Mama Ngoie, shamba ya bwana yako hukuijazaka vile.”

“Bwana yangu hakukuwa mugonjwa. Alikuwa muvivu.”

Wakacheka wote. Mimi sikuweza.

Ni desturi yao. Shamba lenye matundu ni aibu ya nyumba nzima. Mwanamke akiona pengo kwenye shamba la mgonjwa, analijaza na hasemi kitu, kama unavyofunga mlango wa jirani uliofunguliwa na upepo. Alinifanyia wema. Ameua jaribio langu.

Ijumaa, 21 Machi

Nimefungua daftari la Novemba. Siku ya kuhesabu miche iliyoota nilikuwa hospitali, malaria, siku kumi. Niliporudi nikakuta vitalu vimejaa. Nikahesabu siku ile, nikaandika tarehe ya nyuma, ile iliyopangwa. Safu haikubaki wazi. Nakumbuka nilivyofurahi. Nakumbuka hata kalamu.

Kwa hiyo mimi pia nilijaza tundu.

Na hili ndilo linaloniuma zaidi: mbegu mpya haioti vizuri. Jaribio liliwekwa ili kujua jambo hilo hasa. Sasa hakuna ajuaye ni matundu mangapi, na uzito wote nilioupima ni wa mbegu mbili zilizochanganyika.

Jumapili, 23 Machi

Misa. Sikusikia mahubiri.

Nikinyamaza: ripoti inapita, napanda treni, magunia ya mbegu yanakwenda kwa wakulima wa Kaniama. Watapanda Novemba. Nusu haitaota, labda chini ya nusu, na mvua za kwanza zitakuwa zimepita. Nikiandika: jaribio linarudiwa. Mwaka mwingine hapa. Na kituo humfukuza kibarua anayegusa jaribio. Hilo linajulikana.

Namchukia Mama Ngoie. Nakichukia kikapo chake.

Baada ya misa ameniletea sombe, majani ya muhogo, kwenye sufuria iliyofungwa kwa kitambaa. Nimekula yote, nimesimama, bila hata tonge la bukari.

Jumanne, 25 Machi

Nimemwambia Shefu, mkuu wa kituo. Hakukasirika. Ingekuwa rahisi zaidi kama angekasirika. Alikohoa, akaangalia dirishani, kwenye ghala lenye magunia ambayo yamekwisha kuandikwa jina la Kaniama.

“Mamzeli, shamba yote iko na matundu. Andika uzito, saini, panda treni. Weye njo ulikuwa unalia Lubumbashi, Lubumbashi, kila siku.”

Ni kweli. Nililia.

Akaongeza kwamba kila Jumapili mbele ya kanisa watu wanamshika mkono: Shefu, mbegu iko wapi? Miaka anawajibu, inakuja. Simwoni kuwa mtu mbaya. Amechoka kusema inakuja.

Ijumaa, 28 Machi

Nimeandika ripoti mbili. Ya kwanza ni safi, ina majedwali yaliyojaa, na hitimisho lake linapendeza. Ya pili ina kurasa tatu za ukweli. Zote ziko mezani, upande kwa upande. Nimelaza penseli katikati yake kama mpaka.

Alasiri treni imepiga honi stesheni. Imechelewa siku nne, lakini imefika, na itaondoka. Nimeziba masikio kama mtoto.

Naogopa kwamba najua nitachagua ipi. Sisemi ipi.

Jumatatu, 31 Machi

Mama Ngoie amekuja mlangoni kuuliza kwa nini simsalimu tena. Nikamweleza yote. Kwamba kitalu si shamba. Kwamba tundu ni jibu: mbegu inatuambia yenyewe kuwa hapa haikuweza. Kwamba ukilijaza, mbegu imenyamazishwa.

Akaegemea fremu ya mlango. Kisha:

“Kwa nini hukuniambiaka?”

Misimu miwili nimempa kamba, vijiti, vipimo, amri. Panda hapa. Usikanyage pale. Sababu sikuwahi kumpa hata moja. Nilidhani hana haja nayo. Nilikuwa na haraka ya kuondoka tangu siku niliposhuka kwenye treni.

“Batanifukuza?”

Nikasema sijui.

Akakunja kanga yake upya kiunoni, polepole.

“Basi andika. Mudogo wangu analimaka ku Kaniama. Ule hana muntu wa kumujazia.”

Akaenda. Hakugeuka.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimekabidhi ile ya kurasa tatu. Nimeandika kwamba hesabu ya miche ilipigwa kwa kuchelewa na kupewa tarehe isiyo yake, na mtafiti mwenyewe. Kwamba mapengo yalijazwa kwa mbegu ya kienyeji kwa sababu mtafiti hakuwahi kuwaeleza vibarua maana ya mapengo. Jina la Mama Ngoie halimo. Hakuna uongo ndani yake. Nimeitafuta mara nne nafasi ya kujificha, sikuiona.

Shefu aliisoma amesimama. Akaikunja.

“Basi utalala hapa,” akasema.

Alhamisi, 24 Aprili

Jibu la ripoti limekuja kutoka makao makuu. Mbegu isigawiwe. Jaribio lirudiwe msimu ujao, chini ya mtafiti yuleyule. Mtafiti yuleyule. Nimeisoma sentensi hiyo hadi ikawa kelele.

Chuo nacho kimejibu: nafasi haiwezi kusubiri mwaka. Wamempa mwingine.

Mama Ngoie amebaki kazini. Mimi pia nimebaki kazini. Nimefunga mlango, nimekaa kitandani na viatu miguuni. Sikulia. Nilitaka kuvunja kitu. Nikavunja penseli, ile ya mpaka. Kuta za chumba hiki ni kijani hadi kiunoni, halafu nyeupe. Ninazijua nyufa zake zote.

Jumatano, 26 Novemba

Siku ya kuhesabu. Mvua ya jana imelainisha udongo. Sina homa.

Mama Ngoie alitangulia na fungu la vijiti kwapani. Kila alipofika penye tundu alichomeka kijiti, nami nikafuata na daftari. Tukafika kitalu cha tatu, kile kilicho karibu na njia. Pale matundu ni mengi. Akasimama, akaitazama mistari mizima.

“Inanichoma macho,” akasema.

“Najua, Mama.”

Mwanamume mmoja alikuwa anapita, anasukuma baiskeli yenye makaa. Akapunguza mwendo.

“Mama Ngoie, munapandaka vijiti sasa? Mutakula nini?”

“Pita,” akamjibu. “Tuko nahesabu.”

Akachomeka kijiti kingine. Nilipofika mwisho wa kitalu nilirudi nikahesabu upya, kutoka upande wa pili.

Matundu arobaini na moja. Nimeandika tarehe ya leo.