Tuta la Merle

Jumapili, 7 Aprili
Theluji imeondoka kwenye tuta la udongo nyuma ya shabaha. Zimebaki siku kumi na tatu.

Orrin kapiga simu baada ya ibada. Kasema niisafishe vizuri bunduki ya babu yao, maana itasafiri. Nikamwambia asafishe miwani yake kwanza. Akacheka. Shemeji yangu huyu hajawahi kunikasirikia, na hilo ndilo linaloniudhi.

Kanuni ya ukoo wa mume wangu, Merle, ni moja. Kila Jumamosi ya kabla ya Pasaka, bunduki ya babu, risasi tano, yadi mia. Risasi uwe umezisubu kwa mkono wako, yaani umeyeyusha madini na kuyamimina kwenye kalibu, za dukani mwiko. Mwenye matundu yaliyokaribiana zaidi kwenye karatasi ya shabaha hukaa na bunduki mpaka atakaposhindwa. Orrin alimshinda Merle miaka tisa mfululizo. Wa kumi, Merle akashinda. Ilikuwa Pasaka iliyopita. Septemba akafa.

Karatasi yake ipo jikoni ndani ya fremu. Matundu matano, kifuniko cha chupa ya soda kinayafunika yote. Orrin alimshika mkono siku ile huku machozi yakimtoka.

Sitaki bunduki iondoke, kwa hiyo mwaka huu nitapiga mimi badala ya Merle. Kitako chake cha mbao kimechakaa pale alipokuwa akilaza shavu. Basi, hiyo ndiyo sababu, sina nyingine.

Jumanne, 9 Aprili
Tano za kwanza: inchi mbili na nusu kati ya matundu ya mbali zaidi. Aibu. Lorene, jirani yangu, alikuwa kwenye darubini. "Alda, hiyo ya tatu imekwenda kuwasalimia ng'ombe wangu."

Nimezitazama risasi zangu kwenye mwanga wa dirisha. Zina mikunjo. Kalibu lilikuwa halijapata moto wa kutosha — nina haraka kama mtu anayepika chapati za maji kwenye kikaango cha baridi. Zote zirudi sufuriani.

Ijumaa, 12 Aprili
Nimesubu mia moja. Nimepima moja moja kwenye mzani. Zilizopungua uzito zina hewa ndani, nimezitupa. Zimebaki sitini na mbili.

Tano: inchi mbili kasoro. Tano nyingine: inchi moja na nusu! Lorene kasema sasa ng'ombe wake wanaweza kulala. Orrin hupiga inchi moja na robo, miaka yote, hata akiwa na mafua. Bado robo.

Jumatatu, 15 Aprili
Madini ya risasi yamekwisha. Sijataka kumwomba Orrin, angenipa gunia zima na kuniletea mwenyewe. Nimechukua koleo na chekeche nikaenda kuchimba tuta nyuma ya shabaha, kama Merle alivyofanya kila tulipoishiwa. Humo hamna kitu ila risasi zetu za kusubu. Hakuna mwingine anayepiga hapa.

Nimepata ndoo nzima.

Na risasi tano za dukani. Zenye koti la shaba. Zote tano pamoja, nyuma kabisa ya kitovu cha shabaha. Zimepindika, lakini ukizisugua kwa kidole zinang'aa.

Tano.

Labda alikuwa akijaribu kitu siku moja. Mtu anaweza kujaribu.

Jumatano, 17 Aprili
Nimeitoa karatasi kwenye fremu. Sikutaka, nimeitoa.

Risasi ya kusubu tunaipaka grisi. Ikipita kwenye karatasi huacha pete nyeusi kuzunguka tundu. Karatasi zangu zote za wiki hii zina pete. Nimeona pete hizo kwa miaka arobaini na moja. Kwenye karatasi ya Merle hakuna pete hata moja. Mwaka mzima nimekula chini yake na sikuona. Nimeirudisha kwenye fremu.

Merle, mjinga wewe. Ulijua unaumwa, ukataka kumshinda ndugu yako japo mara moja. Ungeniambia. Ningekukasirikia siku mbili, kisha yangekwisha.

Nimelia, nimeosha uso, nimewasha jiko. Madini ya tuta yanayeyuka vizuri.

Alhamisi, 18 Aprili
Tano: inchi moja na robo. Tano: inchi moja na robo tena. Zote zina pete.

Lorene kauliza mbona nimenuna na napiga vizuri hivi. Nikamwambia nimechoka. Nikinyamaza, hakuna atakayejua. Bunduki ilipaswa kuwa kwa Orrin mwaka huu wote, na hakuna atakayejua.

Jumamosi, 20 Aprili
Naandika hapa hapa kwenye meza ya kupigia. Mtutu unapoa, dakika kumi kabla ya risasi ya mwisho, ndiyo kanuni ya babu.

Orrin amepiga kwanza. Inchi moja na robo, kama kawaida yake. Akasema, "Haya shemeji, nionyeshe alichokufundisha kaka."

Nimepiga nne. Nimetazama kwenye darubini mara mbili. Kifuniko cha soda kinazifunika zote nne na nafasi inabaki. Imebaki moja tu, na mkono wangu umetulia.

Orrin kaenda jikoni kuchukua kahawa. Namwona dirishani. Amevua kofia, amesimama mbele ya fremu, anagusa kioo kwa vidole viwili. Amekaa hapo muda mrefu kuliko kahawa inavyohitaji.

Nilikuwa nimepanga kumwambia baada ya kupiga. Nikishinda. Ni rahisi kusema ukweli ukiwa umeshashinda, na ndiyo maana haitakuwa hivyo.

Nimezitoa mfukoni zile risasi za dukani. Nimezipanga upande wake wa meza, zote tano, shaba juu. Karatasi zangu zenye pete nimeziweka kando yazo. Hatahitaji maelezo, amesubu risasi tangu utoto.

Anarudi na vikombe viwili. Anatembea polepole asimwage.

Ya tano nimeshaiweka kwenye bunduki. Nitaipiga akishaziona.

Ameweka kikombe changu chini. Chake bado kiko mkononi, ameziona. Naweka kalamu.